Mwache mtoto achambue mnavu

Siku hizi ukienda kununua sukuma wiki mtaani, mama mboga hakuulizi wataka fungu ngapi tu. Akuuliza na jengine: "Nikukatie?" Kisu chake chakwenda kama cherehani, na kabla hujatoa pesa mboga ishakuwa nyuzi nyembamba ndani ya mfuko. Ukifika nyumbani kazi yako ni kuitupa kwenye kitunguu kilichoiva. Mimi simlaumu. Ana biashara yake, na wazazi wanaorudi kazini magharibi yaadhiniwa wana haki ya kupumzika. Ila mimi ni mwalimu wa chekechea, diploma yangu ni ya malezi ya watoto wadogo, na kila nikiuona mfuko ule nahesabu masomo ambayo mtoto wa nyumba ile ameshayakosa.

Tuanze na ungo. Mboga zetu za Pwani, yaani mchicha, mnavu, mtoriro, kisamvu na majani ya kunde, haziji tayari kuliwa. Lazima zichambuliwe. Na kuchambua ni kuamua: jani hili laingia, hili latoka, kikonyo hiki ni kichanga, hiki kimekomaa, hapa pametobolewa na mdudu lakini jani lafaa, hapa pameoza. Mtoto wa miaka minne akikalishwa kwenye kibao na ungo mbele yake, huamua mambo kama haya mara mia kabla mafungu mawili hayajesha. Nambie ni wapi kwengine tunapomwamini mtoto wa umri huo aamue chochote.

Kule shuleni somo hili twaliita kuainisha: kutenga vitu kwa rangi, ukubwa, umbo na hali. Twanunua vipande vya plastiki vya rangi nyekundu na buluu ili tulifundishe. Mnavu hufundisha vizuri zaidi, kwa sababu kipande cha plastiki ni chekundu au si chekundu, basi, lakini jani la mnavu laweza kuwa nusu zima nusu bovu, na mtoto alazimika kufikiri. Halafu kuna vidole. Kidole gumba na cha shahada vinavyobana kikonyo na kukivunja ndivyo vitakavyoshika penseli. Mzazi huja kwangu akilalamika kwamba mwanawe ameingia darasa la kwanza na hawezi kushika kalamu sawasawa. Kabla sijasema lolote humuuliza kama mtoto hushika chochote nyumbani zaidi ya simu.

Wazo hili si langu. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, katika mtaa wa watu maskini, aliziweka kazi za nyumbani ndani ya masomo yenyewe: kuosha, kufagia, kuandaa meza na kugawa chakula. Leo shule zinazofuata njia yake huwapa watoto wa chekechea mboga halisi na kisu kidogo cha kukatia, na wazazi mijini hulipa karo kubwa kwa hayo. Nyanya zetu walikuwa wakiyafanya bure. (Mgeni asomaye hapa asichanganyikiwe: huku kwetu nyanya ni mama yake mama au baba. Lile tunda jekundu la mchuzi ni tungule.)

Sasa tuuangalie mnavu wenyewe, maana una somo lisilopatikana kwenye kabichi. Ukinunua fungu la mnavu sokoni Kongowea au Marikiti, mara nyingi huja na vitunda vidogo vya kijani kama shanga. Nyanya akichambua huvitoa vyote, na mtoto akiuliza, "Nyanya, mbona hivi watoa?" hujibiwa, "Hivyo haviliwi, mwanangu, vichungu." Jibu ni sahihi, lakini laweza kwenda mbele kidogo. Vile vitunda vibichi vina sumu ambayo mmea umejitengenezea ili wanyama na wadudu wasivile kabla mbegu hazijakomaa. Ni ya jamii moja na sumu ya kiazi kilichoota na kugeuka kijani. Mtoto akishaelewa hivyo, hatasahau kukagua viazi maisha yake yote. Amejifunza kwamba mmea una maslahi yake, na kwamba si kila kijani kinaliwa. Kwa watoto wanaocheza vichakani kama wetu, hilo ni jambo la usalama hasa.

Kisamvu chaipita mnavu. Mtu akitwanga majani ya mhogo asema ayalainisha, na kweli yalainika. Lakini jani la mhogo lina vitu viwili ndani yake vinavyokaa mbalimbali, kama majirani waliotengwa na ukuta. Ukuta ukivunjwa, kimoja hukigeuza chengine kikawa sumu kali iitwayo sayanidi. Mbuzi akitafuna, ukuta wavunjika na sumu yatoka. Hiyo ndiyo silaha ya mhogo. Mwanadamu alitafuta hila: yeye huuvunja ukuta makusudi, kwenye kinu, akatwanga mpaka majani yakawa kama unga uliolowa, ili sumu yote itoke mapema. Kisha huyachemsha kwa muda mrefu, sufuria haikufunikwa, na kwa kuwa sumu ile ni nyepesi mno hupaa na mvuke. Ndiyo maana mchi haufanyiwi haraka, na ndiyo maana kisamvu hakipikwi dakika kumi kama sukuma. Waliotufundisha hawakuwa na maabara, lakini kila hatua waliyotuachia ina kazi yake.

Na mtoto aliyeelewa kinu cha kisamvu ameshaelewa kwa nini kitunguu humliza mamake. Ni hadithi ile ile. Kitunguu kizima hakina harufu ya kuumiza macho. Kisu kikipita, kuta zavunjika, vitu vilivyokaa mbalimbali vyakutana, na hewa inayotoka ikifika machoni huchanganyika na unyevu na kuwasha. Kisu butu husaga na kuvunja kuta nyingi zaidi, kwa hivyo hukuliza zaidi. Mwambie mtoto ajaribu mwenyewe: kitunguu kimoja kwa kisu kilichonolewa, chengine kwa kisu butu. Watoto wangu wa darasani hawajaweza kushika visu hivyo, lakini mwanangu wa kiume wa miaka kumi na mmoja alijaribu, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayenikumbusha kunoa kisu.

Kuna na kachumbari. Kata kitunguu vipande vyembamba, kinyunyizie chumvi, ukiache kidogo. Dakika kumi baadaye bakuli lina maji ambayo hakuna aliyeyatia. Yametoka wapi? Chumvi iliyoko nje imeyavuta kutoka ndani ya kitunguu, na sehemu ya ukali imetoka nayo. Karela hufanyiwa vivyo hivyo ili uchungu upungue. Mtoto ataambiwa habari hii tena akiwa sekondari, kwa jina gumu la osmosisi na mchoro ubaoni, na wenzake watakariri. Yeye atakuwa akiyakumbuka maji ya kachumbari.

Mabenda nayo yaoshwe yakiwa mazima na yakaushwe kwa kitambaa kabla ya kukatwa, la sivyo utelezi utawashinda. Ukitia ndimu utelezi wapungua. Haya ni madogo, lakini mtoto hupenda sana kazi ya utelezi.

Kuosha kwataka maelezo, kwa sababu hapa ndipo watu wazima wengi hukosea na mtoto hurithi kosa. Mchicha wa Pwani hukua kwenye mchanga, na mchanga haukubali kutoka kwa kumwagiwa maji juu. Tia majani kwenye beseni la maji mengi, yakoroge kwa mkono, uache yatulie. Mchanga ni mzito, utazama chini. Majani ni mepesi, yataelea. Halafu nyanyua majani kwa mikono uyatoe. Usimwage maji ukiwa umeyazuia majani, maana utakuwa umemwaga mchanga wote juu yake tena. Mwonyeshe mtoto chini ya beseni kilichobaki. Rudia mpaka beseni liwe safi, na maji ya mwisho apeleke kwenye mlimau au mkilifi ulioko uani. Sisi wa Mombasa tunaonunua maji kwa mitungi hatuna haja ya kuhubiriwa thamani yake, lakini mtoto anayefungua mfereji tu hajui mtungi una uzito gani mpaka atumwe.

Tena jani huoshwa kabla ya kukatwa. Vitamini C na baadhi ya vitamini nyengine huyeyuka kwenye maji, na jani lililokatwa nyuzinyuzi lina kingo nyingi za kuvujia. Mboga iliyokatwa barabarani, ikapigwa na hewa na vumbi kisha ikaoshwa nyumbani ikiwa imeshakatwa, imetupa sehemu ya faida yake pamoja na maji. Hapo mama mboga anisamehe.

Nije kwenye tui, kisha mtaona kwa nini nayasema yote haya kwa uzito. Majani ya kijani yaliyoiva rangi, na karoti, na boga, yana kitu ambacho mwili hukigeuza vitamini A. Bila vitamini hii mtoto hupata shida ya kuona giza likiingia, na maradhi kama surua na kuhara humshika kwa nguvu zaidi. Ndiyo yale matone ambayo watoto wetu wa miezi 6 hadi miaka mitano hupewa kila baada ya miezi sita, na ambayo hutangazwa sana wiki za Malezi Bora. Lakini kitu hicho cha kwenye majani hakipatani na maji, chapatana na mafuta. Mtoto aweza kuliona kwa macho yake: kuna karoti, tia nyengine kwenye kikombe cha maji, nyengine kaanga kwa mafuta kidogo. Mafuta yatageuka rangi ya manjano iliyokoza, maji yatabaki karibu vile vile. Mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi peke yake hauupi mwili kile ambacho mchicha wa nazi waupa. Mtoto aliyekaa juu ya mbuzi akakuna nazi, akakamua tui zito na tui jepesi na kubaki na machicha mkononi, ameshika sababu ya upishi wa Pwani kwa viganja vyake.

Ndimu nayo, au embe bichi kando ya sahani, husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula huyazuia. Wazee wangu wa barazani hawapendi kusikia hili la chai.

Uzito wenyewe ni huu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Kenya wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko inavyostahili umri wao. Kilifi ilikuwa 37, idadi kubwa kuliko kaunti yoyote. Kilifi hii hii yenye minazi, mihogo, kunde na mnavu unaojiotea. Najua kudumaa hakuletwi na mboga pekee. Kuna ukame, umaskini, maji machafu, maradhi ya tumbo, mama kukosa lishe akiwa mjamzito. Asiniambie mtu kwamba nimesema ungo mmoja utayatibu hayo. Lakini mama wa miaka ishirini asiyejua kuchambua mnavu wala kutwanga kisamvu atakipita chakula kilichoota kando ya nyumba yake aende dukani kununua kitu cha paketi. Elimu ya kuvijua vyakula hivi haipo kwenye kifungu cha mboga. Ipo mikononi mwa anayeichambua, na ikikosa mikono mipya yafa naye.

Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Lililonifurahisha ni kwamba watoto wa shule, katika jamii za Waisukha na Wapokot, walikuwa sehemu ya kazi ile: waliwauliza wazee na kuandika vyakula vyao. Huku kwetu twaweza kufanya hivyo bila mradi wowote. Mpe mtoto daftari, mpeleke kwa nyanyake, aandike jina la kila jani linaloliwa, lachumwaje, latupwa nini, lapikwa na nini. Nimeona kazi za CBC ambapo mzazi hukimbilia saiba saa mbili usiku kuchapisha picha ya rangi ya mboga za majani, shilingi hamsini, na mboga yenyewe iko jikoni yanyauka.

Kuhusu watoto wanaokataa kula mboga, maana ndiyo malalamiko ya kila mkutano wa wazazi. Mtoto huenda akahitaji kukionja chakula kigeni mara nane, mara kumi, hata zaidi, kabla hajakizoea, na wengi wetu hukata tamaa mara ya tatu. Kugusa, kunusa na kukata nako hupunguza ule ugeni. Na kumwona mtu mzima akila kwa hamu hufanya kazi ambayo fimbo haifanyi. Anas bin Malik, Allah amridhie, aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) tangu utotoni, amepokewa katika Bukhari na Muslim akisimulia walivyoalikwa na mshoni mmoja. Kililetwa mkate wa shayiri na mchuzi wa mumunye na nyama iliyokaushwa, akamwona Mtume akitafuta vipande vya mumunye pande zote za sahani. Anas asema tangu siku ile naye aliendelea kulipenda mumunye. Katika masimulizi hayo hakuna aliyemlazimisha ale.

Nilipomketisha mwanangu wa kiume uani na ungo wa kunde, mama mmoja mzee wa jirani alisimama mlangoni akaniambia, "Mwalimu, mwanamume huyu wamfunza kukaa mekoni? Kwani ataolewa?" Nikamjibu, "Shikamoo Bi Mkubwa. Pilau ya harusi ya Ijumaa ilipikwa na nani?" Alicheka, akavuta kibao, akakaa, na akamwonyesha mtoto namna ya kutoa nyuzi za kunde changa ambayo hata mimi sikuijua. Masufuria makubwa ya harusi zetu yako mikononi mwa wanaume tangu zamani, na Bibi Aisha amepokewa akisema Mtume alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake mpaka wakati wa swala. Sijui hii aibu ya kisu cha mboga ilitoka wapi. Nijualo ni kwamba vijana wetu wakienda vyuo vya Nairobi, au kazini Doha, hula chipsi mwezi mzima kwa sababu hawawezi kupika sufuria ya mchicha.

Visu vyatisha, naelewa. Mtoto wa miaka mitatu minne atosheka kuchambua, kuosha na kumenya kitunguu thomu. Wa miaka mitano sita mpe kisu cha meza na kitu laini kama ndizi au biringani lililochemshwa. Kisu chenyewe huja kadiri ya mtoto, wengi kwenye miaka minane tisa, juu ya ubao usioteleza, ncha za vidole vya mkono unaoshika mboga zikiwa zimekunjwa ndani kama kucha za paka, na wewe umekaa pale pale bila simu. Jiko la makaa na la gesi lisubiri zaidi. Na kazi itachukua mara mbili ya muda wako, kwa hivyo chagua Jumamosi asubuhi au siku ambayo chuo kimefungwa, usijaribu saa ya futari.

Pilipili ndiyo ya mwisho kabisa kukabidhiwa. Ukali wake hauyeyuki kwenye maji, kwa hivyo mtoto akiishika atanawa, ataona mikono safi, kisha atajipangusa jicho. Ikitokea imeshika mikono, mpake mafuta ya nazi kwanza, asugue vizuri, ndipo aoshe kwa sabuni. Jicho likiwasha, ni maji safi mengi, na mkono ukae mbali.